Sentensi moja ya Gerald Ford na siku sita za kuitetea

Usiku wa Jumatano, tarehe 6 Oktoba 1976, mjini San Francisco, Rais Gerald Ford wa Marekani aliwaambia watazamaji zaidi ya milioni 60 kwamba Ulaya ya Mashariki haiko chini ya Wasovieti. "Hakuna utawala wa Kisovieti katika Ulaya ya Mashariki," alisema, "na hautakuwepo kamwe chini ya serikali ya Ford." Wakati huohuo wanajeshi wa Kisovieti walikuwa na kambi Poland, Ujerumani Mashariki, Hungaria na Chekoslovakia. Ilikuwa imepita miaka minane tu tangu vifaru viingie Prague, na ishirini tangu viingie Budapest. Mwanafunzi yeyote aliyewahi kufungua ramani ya siasa za dunia alilijua hilo. Rais naye alilijua, tena kwa undani, na hapo ndipo utamu wa kisa hiki unapoanzia.

Wanaokusanya kauli za viongozi walioteleza ulimi huiweka hii karibu na kilele cha orodha. Watu huicheka, kisha huendelea na nyingine. Kwangu mimi imechekwa kuliko ilivyochambuliwa. Ukiifuatilia hatua kwa hatua, kabla ya mdahalo, ndani ya mdahalo na wiki iliyofuata, utaona kwamba sentensi yenyewe ingeweza kufa usiku uleule. Iliyoilea hadi ikakua ni midomo ya Ford mwenyewe na ya watu wake, kwa siku sita mfululizo.

Tuanze na hali aliyokuwa nayo. Ford aliingia Ikulu tarehe 9 Agosti 1974 bila kupigiwa kura ya urais wala ya umakamu. Spiro Agnew alikuwa amejiuzulu umakamu mwaka 1973, Richard Nixon akamteua Ford kuziba pengo, na Nixon alipong'olewa na kashfa ya Watergate, Ford akapanda juu. Mwezi mmoja baadaye alimsamehe Nixon, na msamaha huo ukamwandama hadi siku ya uchaguzi. Hata ndani ya chama chake cha Republican mambo yalikuwa magumu: kwenye mkutano mkuu wa Kansas City, Agosti 1976, alimshinda Ronald Reagan kwa wajumbe 1,187 dhidi ya 1,070. Julai ya mwaka huo kura za maoni za Gallup zilimwonyesha akiwa nyuma ya Jimmy Carter wa Democratic kwa pointi 33.

Ndiyo maana Ford ndiye aliyeitaka midahalo. Wagombea urais hawakuwa wamekutana jukwaani tangu Kennedy na Nixon mwaka 1960. Mdahalo wa kwanza ulifanyika Philadelphia tarehe 23 Septemba, na watu wanaukumbuka zaidi kwa sababu sauti ilikatika, wagombea wakabaki wamesimama kwenye vizimba vyao kwa dakika 27 huku mafundi wakihangaika. Pamoja na mkasa huo, wengi waliona Ford amefanya vizuri. Carter naye alikuwa amejichongea kwa mahojiano na jarida la Playboy, alikokiri kwamba amezini mara nyingi moyoni mwake. Pengo likazidi kupungua. Mdahalo wa pili ulihusu mambo ya nje, na huo ulikuwa uwanja wa nyumbani wa rais aliye madarakani. Carter alikuwa gavana wa zamani wa Georgia. Ford alikuwa amekaa Baraza la Wawakilishi robo karne, amekutana na Brezhnev, kiongozi wa Kisovieti, amezuru China, amesaini mikataba.

Mambo mawili zaidi yanahitaji kukumbukwa. La kwanza, tarehe 4 Oktoba, siku mbili kabla ya mdahalo, Waziri wa Kilimo Earl Butz alijiuzulu kwa sababu ya mzaha wa kibaguzi alioutoa dhidi ya watu weusi. Kwa hiyo waandishi wa habari walikwenda San Francisco wakiwa tayari wana masikio kwa ajili ya vinywa vya serikali hii. La pili, Ford alikuwa amebandikwa sifa ya kujikwaa. Juni 1975 alianguka kwenye ngazi za ndege mjini Salzburg, Austria, mbele ya kamera, na tangu hapo wachekeshaji wa televisheni hawakumwacha. Sifa hiyo haikuwa ya haki hata kidogo. Ford alicheza mpira wa Kimarekani katika Chuo Kikuu cha Michigan kwa kiwango ambacho timu mbili za kulipwa zilimtaka, na pengine hakuna rais wa karne ile aliyekuwa mwanamichezo kumzidi. Lakini umma ukishakuchora, kila unachofanya hupimwa kwa mchoro huo. Kosa lolote la Ford, la mguu au la ulimi, lilikuwa na mahali pa kutua hata kabla halijatokea.

Na kulikuwa na suala la Helsinki. Tarehe 1 Agosti 1975, katika mji huo mkuu wa Finland, mataifa 35 yalisaini hati ya usalama na ushirikiano wa Ulaya. Wasovieti waliitaka kwa sababu ilitamka kwamba mipaka iliyokuwepo tangu Vita vya Pili vya Dunia haitavunjwa kwa nguvu. Nchi za Magharibi nazo zilipata ndani yake ahadi za haki za binadamu, kusafiri na kubadilishana habari. Wamarekani wenye asili ya Poland, Hungaria, Chekoslovakia na nchi za Baltiki waliona ndugu zao wameuzwa. Wall Street Journal lilichapisha tahariri iliyomsihi Ford asiende. Mwaka uliofuata, maelezo ya faragha ya Helmut Sonnenfeldt, mshauri wa Waziri wa Mambo ya Nje Henry Kissinger, yakavuja magazetini na kueleweka kwamba Marekani imekubali Moscow imiliki eneo lile. Reagan alilipigia kelele jambo hilo kwenye kura za mchujo. Kwa maneno mengine, swali la Ulaya ya Mashariki halikumvizia Ford gizani. Washauri wake walijua litakuja, na jibu lilikuwa limeandaliwa: Marekani haikubali, wala haijawahi kukubali, kwamba nchi zile ni mali ya Wasovieti.

Swali likaja kupitia Max Frankel wa New York Times, mmoja wa waandishi watatu waliouliza maswali usiku ule. Lilikuwa refu na lenye miiba. Wasovieti, alisema, walizoea kujigamba enzi za Khrushchev, kiongozi wao wa zamani, kwamba kwa subira yao na kwa uroho wetu wa biashara watatushinda tu. Je, hawajathibitisha? Akaorodhesha: vyama vya kikomunisti vinapata nguvu Ufaransa na Italia, tumeitambua serikali ya Ujerumani Mashariki, tumewauzia nafaka kwa wingi, na huko Helsinki ni kama tumetia saini kwamba Urusi ina himaya Ulaya ya Mashariki.

Sikiliza sasa jibu linavyokwenda, maana mteleziko wenyewe una njia yake. Ford anaanza vizuri. Anasema wamejadiliana na Wasovieti wakiwa na nguvu, anatoa mifano. Anafika Helsinki na kusema amefurahi kuulizwa. Mataifa 35 yalisaini, anasema, ikiwemo Vatikani. Hawezi kuamini kwamba Baba Mtakatifu angekubali kutia saini hati inayoikabidhi Ulaya ya Mashariki kwa nchi za Mkataba wa Warsaw, muungano wa kijeshi ulioongozwa na Wasovieti. Hoja hii ni nzuri, na kwa mpiga kura Mkatoliki wa asili ya Poland huko Chicago au Milwaukee ilikuwa nzuri sana. Angenyamaza hapo, magazeti ya kesho yake yangeandika habari za Papa.

Hakunyamaza. Akaingia kwenye faida za mkataba: sasa kila upande unautaarifu mwenzake kabla ya mazoezi ya kijeshi. Halafu, bila daraja lolote kutoka mazoezi ya kijeshi, ikamponyoka: hakuna utawala wa Kisovieti katika Ulaya ya Mashariki, na hautakuwepo kamwe chini ya serikali ya Ford.

Nadhani kilichotokea kinaonekana wazi. Jibu aliloandaliwa lilikuwa na kichwa na mwili. Kichwa kilisema "Marekani haikubali kwamba". Mwili ulihusu utawala wa Kisovieti. Kwenye joto la mdahalo kichwa kikadondoka, mwili ukatembea peke yake. Msimamo wa sera ukageuka kuwa taarifa ya hali halisi, na taarifa hiyo ilikuwa ya uongo. Kipande cha mwisho, kile cha "chini ya serikali ya Ford", kilizidisha ubaya kwa sababu kina mdundo wa mikutano ya hadhara. Ni maneno ambayo mgombea huyasema mara nyingi hadi hutoka yenyewe. Ukiyaunganisha na dai la uongo, unapata dai la uongo lililosemwa kwa sauti ya kiapo.

Ushahidi kwamba alijua ukweli haukosekani. Kila Julai marais wa Marekani hutoa tangazo la Wiki ya Mataifa Yaliyotekwa, kwa mujibu wa azimio la Bunge la mwaka 1959, na miongoni mwa mataifa yaliyokusudiwa ni hayohayo ya Ulaya ya Mashariki. Ford alikuwa amelitoa tangazo hilo miezi mitatu tu kabla ya kwenda San Francisco. Tena alitoka Michigan, jimbo lenye Wamarekani wengi wa asili ya Poland, ambako mwanasiasa hapati muda wa kusahau habari za Warsaw.

Sehemu inayofuata ndiyo naiona ya thamani kubwa kuliko zote, na mara nyingi hukatwa kwenye video fupi. Frankel hakuamini alichosikia. Akaomba kuuliza tena, kwa adabu: je, nimekuelewa vizuri, mheshimiwa, kwamba Warusi hawaitumii Ulaya ya Mashariki kama eneo lao, wakikalia nchi nyingi kule na kuhakikisha kwa majeshi yao kwamba linabaki eneo la kikomunisti? Mwandishi huyu alizaliwa Ujerumani, familia yake ikawakimbia Wanazi. Hakuwa mtu wa kuchukulia wepesi habari za nchi kukaliwa na jeshi la kigeni. Na swali lake, kwa namna lilivyoulizwa, lilikuwa boya lililotupwa kwa mtu anayezama. Lilimpa rais hadi tafsiri sahihi ya tatizo: majeshi. Kilichohitajika ni kusema "Bila shaka majeshi yapo, ninachosema ni kwamba hatujayahalalisha."

Ford alijibu kwamba haamini Wayugoslavia wanajiona wako chini ya Umoja wa Kisovieti. Haamini Waromania wanajiona hivyo. Haamini Wapoland wanajiona hivyo. Kila moja ya nchi hizo, alisema, iko huru na ina mamlaka yake.

Mifano hiyo mitatu imepangwa kutoka ukweli hadi uongo, na sijui kama msemaji mwenyewe aliliona hilo. Yugoslavia ni sahihi kabisa: kiongozi wake Tito alivunja uhusiano na Stalin mwaka 1948 na nchi yake haikuwahi kuwa ndani ya Mkataba wa Warsaw. Romania ni nusu sahihi: ilikuwa mwanachama, lakini majeshi ya Kisovieti yaliondoka mwaka 1958, na mwaka 1968 kiongozi wake Ceaușescu alikataa kupeleka askari kuivamia Chekoslovakia. Poland si sahihi hata chembe. Kwa nini basi hizo tatu? Kwa sababu ndizo alizozitembelea katika safari ya Helsinki mwaka 1975, na mwenyewe alilitaja jambo hilo sentensi chache baadaye: alikwenda Poland, Yugoslavia na Romania ili watu wake wajue Marekani inaheshimu uhuru wao. Alijibu kutoka kwenye kumbukumbu ya safari. Alikumbuka umati barabarani, marais waliompokea wakizungumzia mamlaka ya nchi zao, watu waliompungia bendera. Kiongozi aliyepokewa hivyo hurudi nyumbani na picha ya nchi ambayo si ile ya mwananchi anayeishi humo.

Katikati ya jibu hilohilo la pili, kile kichwa kilichodondoka kilirudi. Alisema Marekani haikubali kwamba nchi hizo ziko chini ya utawala wa Umoja wa Kisovieti. Ndiyo hiyo, sentensi yote, kama ilivyoandaliwa. Lakini ilikuja imechelewa, imefunikwa na Wapoland wasiojiona wametawaliwa. Hakuna aliyeisikia.

Carter hakuhitaji akili nyingi. Alisema angependa kumwona Bwana Ford akiwashawishi Wamarekani wa asili ya Poland, ya Chekoslovakia na ya Hungaria kwamba nchi zile haziishi chini ya utawala na usimamizi wa Umoja wa Kisovieti nyuma ya Pazia la Chuma. Aliwataja kwa asili zao, mmoja mmoja, na kila aliyetajwa alikuwa na kura.

Usiku uleule Brent Scowcroft, mshauri wa usalama wa taifa, na Dick Cheney, mkuu wa wafanyakazi wa Ikulu, walikutana na waandishi wa habari. Kazi yao ilikuwa kueleza ushindi. Waandishi walikuwa na jambo moja tu: je, kuna majeshi ya Kisovieti Poland? Scowcroft, jenerali wa jeshi la anga aliyeifahamu ramani ile kama kiganja chake, akalazimika kujibu kwamba yapo. Kwa hiyo kabla ya watu kulala, serikali ilikuwa imeshasema mambo mawili yanayopingana, moja kwa mdomo wa rais na jingine kwa mdomo wa mshauri wake.

Hapa linakuja jambo ambalo watafiti wa midahalo wamelijadili sana. Kura za maoni zilizopigwa na kampeni ya Ford mara tu baada ya mdahalo zilionyesha watazamaji wengi kidogo wakisema Ford ndiye aliyeshinda. Waliokuwa wakitazama hawakuishika sentensi ile kama janga. Lakini kufikia usiku wa siku iliyofuata, baada ya magazeti na televisheni kuirudia mchana kutwa, waliosema Carter ameshinda waliwazidi wa Ford kwa zaidi ya pointi 40. Mdahalo uleule, watu walewale wa nchi ileile, saa 24.

Baadhi ya watu hutoa hitimisho kwamba vyombo vya habari vilimpora Ford ushindi. Silikubali. Rais kusema kwamba Poland haitawaliwi na Moscow ni habari, na mhariri ambaye angeipuuza angekuwa amelala kazini. Mtazamaji wa kawaida hakai na ramani mkononi, anatazama nani anaonekana imara. Ni kazi ya waandishi kumwonyesha kilichosemwa. Ninachokubali ni kwamba habari ya siku moja ingebaki ya siku moja kama isingepewa chakula kingine.

Na chakula kilikuja kila siku. Tarehe 7 Oktoba, akiwa Los Angeles, Ford alisoma maelezo kwamba Marekani haijawahi kukubali na haitakubali utawala wa Kisovieti juu ya nchi zile. Maelezo sahihi, ila yalisomwa kana kwamba ndiyo aliyoyasema jana yake. Waandishi wakaandika kwamba rais hajafuta kauli. Siku iliyofuata akaongeza ufafanuzi mwingine, nao ukahitaji ufafanuzi wake. Washauri wake walikuwa wakimsihi aseme tu kwamba alikosea. Alikataa. Carter, kila alikosimama, alikuwa na la kusema bila kutunga chochote. Tarehe 12 Oktoba, baada ya kukutana Ikulu na viongozi wa jamii za Wamarekani wenye asili ya Ulaya ya Mashariki, Ford hatimaye alitamka kwamba kosa la awali lilikuwa lake na kwamba hakujieleza vizuri. Siku sita tangu San Francisco.

Linganisha na Ford huyohuyo mwaka mmoja kabla. Oktoba 1975, Anwar Sadat alikuwa ziarani Marekani, na kwenye karamu Ford aliinua glasi kwa heshima ya watu na serikali ya Israeli. Ya Israeli, mbele ya rais wa Misri, miaka miwili baada ya vita vya Oktoba 1973! Kwa vipimo vya kidiplomasia huo ni mteleziko mbaya zaidi kuliko wa San Francisco: unamtakia mgeni wako heri kwa jina la adui wake. Lakini Ford alijirekebisha papo hapo, akaomba radhi, akasema Misri. Sadat aliendelea na ziara yake. Kisa kile leo ni kichekesho kidogo kinachotajwa pembeni, na wengi hawajawahi kukisikia. Mtu ni yuleyule, ulimi ni uleule. Tofauti ni sekunde mbili kwa siku sita.

Carter naye alikuwa ameshapitia njia hiyo mwaka uleule. Aprili 1976 alizungumzia kuhifadhi "usafi wa kikabila" wa mitaa ya miji, maneno yenye harufu mbaya sana katika nchi iliyotoka juzi tu kwenye sheria za ubaguzi, tena yakitoka kwa mtu wa Kusini. Kwanza aliyatetea. Moto ulipowaka, akaomba radhi hadharani siku chache tu baadaye, na watu weusi wenye ushawishi walioendelea kumuunga mkono wakamsaidia kuvuka. Ile ingeweza kumaliza kampeni yake.

Kwa nini basi mtu aliyeweza kujirekebisha mbele ya Sadat alishindwa kwa Frankel? Naona tofauti iko kwenye aina ya kosa. Kusema Israeli badala ya Misri ni ulimi mtupu, hakuna anayedhani ulikusudia. Kufuta hakukugharimu chochote. Sentensi ya San Francisco ilikuwa imefungamana na jambo alilolijali: kwamba hakuwauza Wapoland huko Helsinki. Aliposikia watu wakimshutumu, alisikia wakisema umewauza, na kwa shutuma hiyo dhamiri yake ilikuwa safi. Akawa anajibu shutuma ambayo haikuwa imetolewa. Waliokuwa wakimuuliza walitaka kujua kama rais anafahamu majeshi yako wapi. Yeye aliwajibu kuhusu moyo wake. Na nahisi ule mchoro wa mtu wa kujikwaa ulichangia: mtu ambaye nchi nzima inamcheka kwa kuanguka ngazi huona ugumu kusema kwa kinywa chake kwamba ameanguka tena.

Miaka baadaye, alipohojiwa na Jim Lehrer kuhusu midahalo hiyo, Ford alisema alichopaswa kusema ni kwamba, hata Wasovieti wakiwa na divisheni ngapi za vifaru Poland, hawataweza kamwe kuitawala roho ya Wapoland. Ni sentensi nzuri. Ingeweza kusemwa San Francisco kwa sekunde kumi, pale Frankel alipouliza mara ya pili, na ingepigiwa makofi kwenye kumbi za Wapoland kutoka Chicago hadi Buffalo. Alikuwa hata na hoja ya kuijengea. Mei 1976 wapinzani wa Kisovieti walikuwa wameanzisha kundi mjini Moscow la kufuatilia utekelezaji wa ahadi za haki za binadamu za Helsinki, na baada ya uchaguzi, Januari 1977, wenzao wa Chekoslovakia walitoa Mkataba wa 77, waraka wa kudai haki za binadamu, wakinukuu ahadi hizohizo. Hati aliyosaini Ford ikawa silaha mikononi mwa watu ambao aliambiwa amewatupa. Kuhusu Helsinki, kwa maoni yangu, Ford alikuwa sahihi na wakosoaji wake walikosea. Alikuwa na kesi nzuri akaipoteza kwa ushahidi wake mwenyewe.

Uchaguzi ulifanyika tarehe 2 Novemba. Carter alipata asilimia 50.1 ya kura na Ford 48.0. Kwa kura za wajumbe wa majimbo, zinazoamua mshindi, ilikuwa 297 kwa 240. Ohio, ambako Cleveland ina jamii kubwa za watu wa asili ya Ulaya ya Mashariki, Carter alishinda kwa kura kama 11,000. Wisconsin, ambako Milwaukee ina Wapoland wengi, alishinda kwa kura kama 35,000. Majimbo hayo mawili yangehamia kwa Ford, angebaki Ikulu.

Ni rahisi kusema kwamba sentensi moja iliangusha urais, na waandishi wengi wamesema. Mizani ile ilikuwa na vitu vingi: msamaha wa Nixon, bei na ajira, kisa cha Butz, hata mdahalo wa makamu tarehe 15 Oktoba, ambako Bob Dole, mgombea mwenza wa Ford, alizibandika vita za karne hiyo jina la "vita za Democratic" na kuwaudhi wengi. Katika uchaguzi wa karibu namna ile, kila kitu kizito kidogo kinatosha. Ninachokitazama mimi ni kalenda. Ford alikuwa amepunguza pengo la pointi 33 hadi pointi chache tu, na alikuwa na wiki nne pungufu kidogo za kumalizia kazi. Kupanda kwake kulisimama katika siku zile alizokuwa akifafanua, kisha kukaendelea hadi siku ya kupiga kura. Kampeni iliyokuwa inakimbizana na muda ilitumia karibu robo ya muda uliobaki kueleza kwamba rais anajua Warusi wako Poland.